Kwenda Burundi kuona ndugu na kanisa la babu: ya kujua kabla ya kuvuka mpaka

Mahindi na maharage yakishaingia ndani na barabara zikakauka, swali moja hutufikia sana kwa simu na kwa ujumbe mfupi, kutoka Busunzu, Kifura, Mabamba mpaka vijiji vya Kasulu: "Babu yetu alitokea Burundi. Tunataka kwenda kuwasalimu ndugu na kuona kanisa alikobatizwa. Tuanzie wapi?"

Hewani tunakuwa na dakika chache, na swali hili halitoshi katika dakika chache. Tumeliandika hapa ulisome taratibu, na ukitaka umtumie ndugu yako aliye mbali. Tutazungumzia hati, tutazungumzia ndugu, lakini zaidi tutazungumzia kitabu kimoja kinachokaa kabatini katika ofisi ya parokia. Wengi husafiri mpaka mlangoni pa kanisa, wakapiga picha, wakarudi nyumbani bila kujua kwamba jina la babu lilikuwa ndani.

Kwa nini babu ana kanisa ng'ambo

Mpaka huu ni mchanga kuliko koo zetu. Wakati wa Wajerumani, Buha na Burundi zote zilikuwa ndani ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mapadri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu wanawaita Mapadri Weupe, waliingia mashariki mwa Burundi wakitokea upande wa Ushirombo, ambako sasa ni mkoa wa Geita. Misheni ya Muyaga ilianzishwa mwaka 1898, na Mugera mwaka 1899. Muyaga haiko mbali na mpaka wa Tanzania. Mtu aliyebatizwa pale miaka hiyo hakuwa amebatizwa "nje ya nchi". Nje ilikuja baadaye, Wabelgiji walipopewa Rwanda na Burundi na Waingereza wakapewa Tanganyika. Hata Kigoma yenyewe ilishikwa na Wabelgiji mpaka mwaka 1921.

Watu waliendelea kuvuka. Wengine walifuata ndoa, wengine malisho, wengine walikimbia kodi na kazi za kulazimishwa za Wabelgiji, wengine walipitia huku kwenda kutafuta kibarua mashambani. Halafu yakaja makundi makubwa yaliyokimbia mauaji: mwaka 1972, mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Kwa hiyo ukisema "babu alitokea Burundi", uliza kwanza alikuja lini. Mtu aliyekuja akiwa kijana wakati wa mkoloni na mtu aliyekuja na watoto mgongoni mwaka 1972 wameacha nyuma mambo tofauti, na ndugu zao huko watakupokea kwa namna tofauti.

Majina kwanza, nauli baadaye

Kaa na wazee kabla hujahesabu fedha. Usiulize tu "babu aliitwa nani". Kwa Waha na Warundi kila mtoto anaweza kupewa jina lake mwenyewe, si lazima la baba. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana kabisa. Ukienda huko ukatafuta "ukoo wa" jina la babu yako, unaweza kuzunguka siku mbili na nyumba ya mdogo wake iko mbele yako.

Andika kwenye daftari, si kichwani: jina la kuzaliwa la babu, jina lake la ubatizo, majina ya baba na mama yake, majina ya ndugu zake wote wanaokumbukwa, jina la msimamizi wake wa ubatizo kama yupo anayelikumbuka, na jina la kilima. Kilima ndicho muhimu kuliko vyote. Huko watu hawakai katika vijiji kama vyetu. Wanakaa juu ya vilima, na kilima, *umusozi*, ndiyo anwani ya mtu. Mzee akikwambia "tulikuwa tunatazamana na mto fulani" au "tulikuwa tunasikia kengele ya misheni kutoka nyumbani", andika hilo pia. Litakusaidia.

Na usishangae tahajia. Huku tunaandika Bigilimana, huko wanaandika Bigirimana. Jina la ubatizo ndilo gumu zaidi. Babu unayemwita Yohana, kwenye kitabu cha zamani anaweza kuwa Joannes, kwa sababu vitabu vya wamisionari Wakatoliki viliandikwa mara nyingi kwa Kilatini. Kwenye kitabu cha baadaye, cha Kifaransa, atakuwa Jean. Petro atakuwa Petrus au Pierre, Yakobo atakuwa Jacobus au Jacques, na Stefano amepotea kabisa ndani ya Etienne. Nenda na namna zote.

Jambo jingine la karibuni: Burundi ilibadilisha ramani yake ya utawala mwaka 2025. Mikoa 18 imekuwa mitano, na tarafa zao zimepunguzwa kutoka 119 hadi 42. Ruyigi, Cankuzo na Muyinga, mikoa mitatu inayopakana nasi upande huu, sasa imo ndani ya mkoa mmoja uitwao Buhumuza. Makamba na Rutana zimo ndani ya Burunga. Karatasi ya mzee itasema Ruyigi, kibao cha barabarani kinaweza kusema Buhumuza, na vyote ni sahihi.

Hati: hapa hatupunguzi maneno

Tunajua njia za panya zipo. Tunajua kuna watu wa Mabamba waliokunywa maji ya upande wa pili tangu utotoni bila kuonyesha karatasi kwa mtu. Lakini mtu anayekwenda kulala, kuulizia majina ya watu na kufungua vitabu vya kanisa si mtu wa kuvuka kichakani. Ukisimamishwa huko huna muhuri, hutakuwa mjukuu aliyekuja kusalimu. Utakuwa mgeni asiyejulikana aliyeingia kinyume cha sheria, na ndugu aliyekulaza naye ataulizwa.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, raia wa nchi mwanachama hulipi viza, na unaweza kuruhusiwa kukaa kwa matembezi hadi miezi sita. Lakini kutolipa viza si kutokuwa na hati. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi kuvukia kwenda Burundi. Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari, zote zinatolewa na Idara ya Uhamiaji. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na hudumu miaka kumi. Hati ya dharura ni nafuu zaidi na ndiyo inayotumiwa na wengi kwa safari moja kama hii. Ulizia ada yake katika ofisi ya Uhamiaji ya wilaya yako, si kwa kijana anayekwambia "nipe hela nikakuchukulie".

Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo ikishachomwa mara moja cheti chake hakiishi muda, kwa hiyo kama unacho cha zamani usikitupe.

Kwa mtu wa Busunzu njia iliyo karibu ni kwenda Kibondo mjini, kisha Mabamba, na kutokea Gisuru upande wa Burundi. Wa Kasulu na Buhigwe hupitia Manyovu. Anayekwenda upande wa Muyinga huona afadhali kuzunguka Kabanga, kule Ngara. Fika mpakani asubuhi. Gonga muhuri wa kutoka huku na wa kuingia kule, hata kama afisa ni mtu mnayefahamiana na anakwambia pita tu.

Kuna kundi moja tunaloliomba lisome mstari huu mara mbili. Kama bado una hadhi ya ukimbizi, uko Nduta au Nyarugusu, haya tunayoeleza si yako bado. Kutoka kambini bila kibali ni kosa, na kurudi kwa hiari katika nchi uliyoikimbia kunaweza kuchukuliwa kwamba huhitaji tena ulinzi. Zungumza kwanza na ofisi ya wakimbizi kambini. Waliopata uraia wa tajnisi, wale zaidi ya 150,000 wa mwaka 1972 waliopewa vyeti kuanzia 2014, ni Watanzania na husafiri kwa hati za Tanzania kama mtu mwingine yeyote.

Ukifika kilimani

Lugha haitakupa shida. Ukisema *mwakeye* watakujibu *mwaramutse* na mtacheka. Mwenyeji wako akupeleke siku hiyo hiyo kwa kiongozi wa kilima, kama vile sisi tunavyompeleka mgeni kwa mwenyekiti wa kitongoji. Maeneo mengi ya Burundi kaya ina daftari ambamo wakazi na wageni wanaolala huandikwa, na kukaa bila kuandikwa ni kumtafutia mwenyeji wako matatizo. Usipange safari Jumamosi asubuhi, kwa sababu huo ni muda wa kazi za pamoja za jamii na usafiri husimama mpaka kazi iishe. Mafuta ya magari nayo yamekuwa adimu huko kwa vipindi virefu, hivyo ongeza siku moja au mbili kwenye mpango wako.

Zawadi zisikusumbue kichwa. Sabuni, sukari, chumvi na kitenge cha bibi vinatosha. Wenyeji nao watataka kukupa cha kunywa, *urwarwa* ya ndizi au *impeke* ya mtama, na penye wazee mtungi mmoja na mirija kadhaa si jambo la ajabu. Usiyekunywa pombe sema mapema kwa adabu, watakutafutia kingine.

Sasa jambo zito. Burundi nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 27,800. Ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Kigoma, na ina watu zaidi ya milioni 12, wakati sisi katika sensa ya 2022 hatukufika milioni mbili na nusu. Ardhi huko inagawanywa mpaka imebaki vipande. Watu waliokimbia 1972 waliporudi miaka ya 2000 walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, wakati mwingine na ndugu wa damu, na ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine mwaka 2006.

Kwa hiyo mjukuu anapotokea ghafla kutoka Tanzania, ana daftari mkononi, anaulizia babu alikaa wapi hasa, mpaka wa shamba ulikuwa wapi na nani alibaki pale, fikiria baba mdogo anawaza nini usiku. Wewe unatafuta historia. Yeye anasikia kesi.

Ushauri wetu ni kwamba usiache jambo hili likae kimya. Jioni ya kwanza, mbele ya wakubwa wa nyumba, sema waziwazi: "Nimekuja kuwasalimu, kuona makaburi, na kuona kanisa alikobatizwa babu. Sikufuata shamba." Kisha usipime kwa hatua, usipige picha mipaka, wala usikubali kijana wa jirani akuvute pembeni kukuonyesha "palipokuwa penu". Kama kweli una dai la ardhi, hilo ni safari nyingine yenye wakili na vyombo vya sheria, na usilifiche ndani ya ziara ya kanisa.

Vivyo hivyo kwa habari za waliokufa. Katika nyumba nyingi za huko kuna mtu aliyechukuliwa mwaka 1972 na hakurudi, na hana kaburi. Ukiuliza ukaona mzee amenyamaza, ongea habari za ng'ombe au za watoto. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe, pengine siku ya mwisho unapofunga mzigo.

Kitabu kabatini

Jumapili nenda kasali na ndugu. Baada ya ibada huenda wageni wakaitwa mbele na kuombwa wajitambulishe. Jiandae kusema jina la babu kwa sauti, maana mara nyingi ni hapo ndipo kikongwe fulani nyuma ya kanisa huinua mkono. Lakini usitegemee ofisi Jumapili. Padri, *patiri* kwa Kirundi, ana misa na vigango. Rudi siku ya kazi asubuhi.

Jengo utakaloliona huenda silo. Babu aliyebatizwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962 anaweza kuwa alisali katika kigango cha nyasi ambacho kilianguka zamani, au kigango hicho sasa ni parokia kamili yenye bati jipya. Swali la kuuliza ni hili: "Miaka ile hapa palikuwa chini ya parokia gani?" Parokia mpya inapozaliwa, vitabu vya nyuma kwa kawaida hubaki kwenye parokia mama. Majimbo nayo yamegawanyika: jimbo la Ruyigi lilianza 1973, la Rutana mwaka 2009. Mtu anaweza kuwa amebatizwa chini ya askofu wa Gitega mahali ambapo leo ni jimbo jingine.

Ukifika penye kitabu chenyewe, ujue unachokitafuta. Kwa Wakatoliki kila ubatizo huandikwa kwa namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi na aliyebatiza. Mwaka wa kuzaliwa kwa watu wazima wa zamani mara nyingi ni wa kukadiria, usibishane nao. Kisha tazama pembeni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe pembeni mwa jina lake katika kitabu cha alikobatizwa, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Padri aliyefungisha ndoa anapaswa kutuma taarifa. Maana yake ni kwamba kama babu alibatizwa Burundi akaja kufunga ndoa Kibondo au Kasulu, na padri wa huku akatimiza wajibu wake, basi jina la bibi yako, msichana wa Kiha ambaye pengine hakuvuka mto hata siku moja, limeandikwa kule kwa wino. Hakuna mtu wa nyumbani anayelijua hilo. Sisi tukifikiri, kwa safari nzima hii, mstari huo mmoja unalipa nauli.

Hutafungua kabati mwenyewe. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako wa huku, yenye muhuri na majina uliyokusanya, na hati yako ya safari. Mtunza ofisi atatafuta. Kama mwaka haujulikani, mpe miaka mitano ya kuanzia, usimwambie "tafuta tu". Omba nakala rasmi yenye muhuri badala ya kupiga picha ya ukurasa kwa simu, kwa sababu ukurasa huo una majina ya watu wengine pia. Acha sadaka ya ofisi. Ikiwa jina halipo, usivunjike moyo haraka. Kuna miaka ya vurugu ambamo vitabu viliharibika, na mwisho wa miaka ya 1970 mpaka 1987, chini ya utawala wa Bagaza, Kanisa lilibanwa na wamisionari wengi wakafukuzwa.

Kwa Waanglikana na Wapentekoste, ambao misheni zao nyingi huko zilianza miaka ya 1930, njia ni tofauti kidogo. Wengi wao waliobatizwa wakubwa walipewa kadi, na aliyehama alipewa barua ya kuhama. Huko tafuta mzee wa kanisa kuliko kitabu. Anza na kanisa lako la huku liandike barua.

Cheti kinasema nini, hakisemi nini

Nakala ya ubatizo ni kumbukumbu ya kanisa. Inaeleza mtu aliingia Kanisani lini na wapi. Si hati ya kiwanja, na wala si cheti cha uraia wa nchi yoyote.

Tunasema hili kwa sababu tunaijua hofu ya watu wa Kigoma. Mtu wetu ameulizwa mara nyingi mno "wewe ni Mrundi?" akiwa kwenye foleni ya kitambulisho, hivi kwamba wengine wameficha hata jina la babu. Kwa Mtanzania wa kuzaliwa, sheria ya uraia inamwangalia aliyezaliwa wapi na uraia wa wazazi wake, haimwangalii babu alimwagiwa maji katika kanisa gani. Tunza tu karatasi zako za huku: cheti cha kuzaliwa, vya shule, vya wazazi.

Kinachoweza kukuletea matatizo ya kweli ni wema wa ndugu. Watakupenda, na mmoja atakwambia, "Kaa kidogo tukutafutie *karangamuntu*, utakuwa unapita bila usumbufu." Hicho ni kitambulisho cha taifa cha Burundi. Kataa kwa upole. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kadi iliyopatikana kwa njia ya mkato inaweza kukugharimu pande zote mbili.

Na kama wapo ndugu wanaotaka kuja huku kutafuta yao, wasaidie. Watoto wengi waliobatizwa wazazi wao wakiwa kambini miaka ya 1990 na 2000, Kanembwa, Mtabila, Mtendeli, Nduta, walirudi Burundi na leo ni watu wazima wanaotaka kuoa, na paroko wao anawadai cheti cha ubatizo. Jina la mtoto wa aina hiyo litafutwe upande huu. Anahitaji mambo yale yale tuliyoyataja: majina ya wazazi, msimamizi, mwaka, na kambi. Muulize kabla hujaaga, uandike kwenye daftari lile lile, na ukirudi Kibondo upite parokiani umuulizie.